Kiti Kilicho Karibu na Mlango

Ijumaa, 1 Novemba 2019

Katika Dumyat nzima hakuna mwanamume mwenye bahati kama yangu. Nimemtafuta nijilinganishe naye, sijampata. Niliacha shule darasa la sita, nikaishi Baghdad, Kuwait na Benghazi, na kote huko mabaya yalianza baada ya mimi kupanda basi la kurudi. Vita vya Baghdad nilivikosa kwa siku nne tu. Nina studio yangu, inapakana ukuta mmoja na duka la vitamu vya mishabbak, kwa hiyo hata wateja wangu wananukia sukari. Meno ni yangu mwenyewe, yote isipokuwa mawili. Mke wangu Inshirah akimjaza bata vitunguu, majirani wanafungua madirisha. Na mwanangu Wajdi yuko Italia, ana kazi, ana afya, na kila Ijumaa baada ya sala ananipigia simu. Kila Ijumaa. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

Leo kapiga. Maneno machache, kazini wamebanwa. Nikaenda mkahawani nikawasimulia: kule mvua imeanza, kanunua koti. Samih akauliza koti la rangi gani. Nikasema kijivu. Samih anapiga picha za harusi kule Ras al-Barr, na hajawahi kusikia habari bila kuitafutia rangi.

Sasa jambo kubwa. Chama chetu cha wapiga picha kimetangaza mashindano. Mada ni neno moja: Mgeni. Mshindi anapelekwa Italia wiki tatu, picha yake itundikwe kwenye maonyesho, na viza wanashughulikia wao. Mimi viza nimenyimwa mara tatu. Mara umri, mara sina sababu ya kutosha. Kumwona mwanangu si sababu ya kutosha! Basi sasa nitakuwa na sababu iliyochapishwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Nitashinda. Nitamwona Wajdi kwa macho haya, miaka minne na nusu imepita. Nimemwambia Inshirah. Alikuwa ananyonyoa bata, hakuinua kichwa.

"Na usipomwona?" akauliza.

Mwanamke huyu hata peponi atauliza kama paa linavuja.

Jumapili, 3 Novemba

Mkutano wa chama, juu ya ghala la mbao. Watu kumi na mmoja, viti tisa. Bi Thurayya, katibu wetu, alifundisha sekondari miaka thelathini na bado anatutazama kama hatujafanya kazi ya nyumbani. Anavuta sigara kama stima.

Akasema: "Atakayeniletea sinia ya kahawa, namfukuza. Atakayeniletea mzungu juu ya ngamia, namfukuza yeye na ngamia wake. Mada ni Mgeni, sikusema mnipigie mgeni. Nataka istiari."

Nikatikisa kichwa kama mtu anayekula istiari kila asubuhi. Neno lenyewe silijui. Linasikika kama dawa ya kikohozi. Nilipomuuliza Samih kwa sauti ya chini akasema ni kuonyesha kitu kwa kutumia kitu kingine. Yeye anakwenda ziwani Manzala kupiga ndege wanaotoka Ulaya kukimbia baridi. Wazo zuri, mbwa huyu. Nikamwambia shemeji yake anauza bata bukini, kwa hiyo hiyo ni biashara ya familia, si sanaa. Akacheka mpaka akakohoa.

Wazo langu limenijia nyumbani, nilipopita mbele ya sebule yetu ya wageni. Mlango umefungwa. Siku zote umefungwa. Huu ni mji wa maseremala, viti vya dhahabu vya nchi nzima vinatoka mikononi mwetu, na kila nyumba ina seti yake: makochi mawili, viti sita, vimefunikwa mashuka meupe, mapazia yameshushwa, ufunguo uko kwa mama. Chumba kizuri kuliko vyote, na wenyewe tunakaa chini kwenye mkeka chumba cha pili. Tunamngoja mgeni. Mgeni gani? Wanaokuja ni majirani, nao wanaingilia jikoni.

Basi nitapiga picha ya mgeni bila mgeni. Vyumba vinavyomngoja. Haya, Bi Thurayya, kunywa dawa yako.

Jumanne, 5 Novemba

Nyumba ya kwanza: Haj Mitwalli, mchonga mbao, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunaiba maembe. Sebule yake haijafunguliwa tangu posa ya binti yake wa mwisho, miaka mitatu. Mkewe Bi Sumayya akaleta ufunguo, lakini hakufungua. Aligonga kwanza. Mara tatu, taratibu, akasema hodi na salamu kwenye mlango uliofungwa. Kila nyumba ya hapa wanawake wanafanya hivyo. Chumba kikikaa bila watu, usikiingilie kama mwizi.

Nikamwambia: "Wakijibu unishtue, nivae soksi isiyotoboka."

"Piga hodi na wewe, Baba Wajdi."

"Mimi nimeingia ikulu ya Kuwait bila hodi." Si kweli, nilingoja getini. Lakini niliingia sebuleni kwake bila hodi, nikaweka stendi, nikafungua pazia moja tu upande wa bustani. Mwanga safi. Mashuka kama theluji, ingawa theluji nimeiona kwenye kalenda. Vumbi sakafuni halina hata alama ya paka. Nikapiga picha sita nikatoka nikala mishabbak nne.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeziangalia kwenye skrini. Picha ya kwanza hadi ya nne: shuka zote zimelala sawa. Ya tano: kiti kilicho karibu na mlango, shuka imebonyea katikati. Si kivuli. Miaka thelathini na moja natazama nguo za watu waliokaa, najua kitambaa kinavyokunjamana chini ya makalio. Ya sita: imebonyea zaidi, na shuka imevutika mbele, pale magoti yanapokunjwa.

Nikampigia Haj Mitwalli. Ulikaa nyuma yangu? Akasema goti lake halijakunjika tangu Ramadhani, akikaa kwenye kiti kile itabidi waite zimamoto. Akacheka. Nami nikacheka. Kisha Bi Sumayya akachukua simu, akauliza jambo moja tu: kama nilipiga hodi.

Nimesema mtandao unakatika.

Jumamosi, 9 Novemba

Nyumba ya pili. Bi Firdaws, mjane wa fundi wa kushona viti. Nikapiga hodi, kwa sauti ndogo, huku nikicheka ili asidhani nimezeeka. Alisimama mlangoni na tasbihi yake.

Picha ya kwanza safi. Nikageuka kubadilisha lenzi. Nikasikia springi.

Niandike hili vizuri. Mtu wa Dumyat anajua sauti mbili za kiti: ya uzito unaposhuka na ya uzito unapoondoka. Ya kushuka ni nzito, fupi. Ya kuondoka inalia juu, kama swali. Nilichosikia ni kushuka. Nyuma yangu, upande wa mlango. Sikugeuka upesi. Nilisafisha lenzi ambayo haikuwa chafu.

Bi Firdaws akasema, bila kupaza sauti: "Karibu."

"Unamkaribisha nani, mama?"

"Yeyote."

"Na kwa nini kile kiti? Kuna kochi zima pale mbele."

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yana maji. "Anayejua anapendwa huenda kukaa mbele. Asiyejua kama anatakiwa hukaa karibu na mlango."

Nikapiga picha. Shuka imebonyea. Picha mbili zimetoka zimetikisika. Nimezifuta. Nitasema ni gari la mbao lilipita.

Jumapili, 10 Novemba

Nyumba tatu leo. Kiti kile kile, zote tatu. Moja ya hizo nyumba seti yake ina kifuniko cha plastiki, si shuka. Plastiki imekunjamana na katikati kuna ukungu, kama pale mtu anapopumua karibu na kioo.

Sijala bata. Inshirah amenigusa paji la uso.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimempelekea Bi Thurayya. Alizitandaza mezani, akazima sigara. Sijawahi kumwona akizima sigara kabla haijaisha.

Akauliza niliwekaje uzito chini ya shuka. Nikasema sikuweka. Akasema, Mahrus, usinifanyie utani. Nikasema kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sifanyi utani. Akapanga picha upya, akatoa mbili, akarudisha moja.

"Hizi ni nzuri kuliko unavyojua wewe. Lakini ni za nyumba za watu," akasema. "Umeingia kwa kila mtu isipokuwa kwako. Niletee ya kwako, hiyo ndiyo itakayoshinda."

"Ya kwangu ni kama hizi."

"Basi kinachokuzuia ni nini?"

Mwisho wa kupokea ni tarehe kumi na nane.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemwomba Inshirah ufunguo. Kakataa.

Nikambembeleza. Nikamwambia picha hii ndiyo safari, safari ndiyo Wajdi, atanikatalia vipi nisimwone mtoto? Akaendelea kuosha chumvi ya jibini. Nikamwambia kwa utani kwamba nitavunja mlango. Ndipo akaniambia.

Amekuwa akisikia tangu Ramadhani. Asubuhi, mimi nikishakwenda studio. Kiti kinashuka. Si kila siku. Hafungui. Huweka mkeka wake nje ya mlango, anachambua mchele pale pale, anaongea mambo ya nyumbani. Bei ya vitunguu. Nani kaoa. Miezi sita mke wangu anachambua mchele mbele ya mlango uliofungwa na mimi najua habari za Ulaya yote.

Nikasema ni panya.

"Sawa," akasema. "Kwa hiyo huhitaji ufunguo."

"Mama Wajdi, kwa nini hukuniambia?"

"Utamfukuza."

"Nimfukuze nani?"

"Uliwahi kumfukuza."

Nimetoka. Nimetembea mpaka mtoni na kurudi.

Jumatano, 13 Novemba

Alichomaanisha Inshirah ni hiki. Seti yetu Wajdi aliipaka dhahabu mwenyewe, karatasi moja nyembamba baada ya nyingine, alikuwa na miaka kumi na tisa. Miezi miwili. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa fundi yeyote mjini, na hili si kujisifu, muulize Haj Mitwalli. Siku alipomaliza akakaa. Kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, na nguo zake za kazi, akaegemea, akafumba macho. Nami nikaingia na mteja. Nikamwambia: inuka, hivyo ni vya wageni. Nilisema kwa sauti ya mzaha. Mteja alicheka. Wajdi aliinuka, akapangusa kiti kwa kofia yake, akatoka.

Hivyo ndivyo tunavyosema hapa kwa watoto wote. Mimi pia niliambiwa na baba yangu. Hakuna aliyekufa kwa kuinuliwa kitini.

Hakuwahi kukaa pale tena. Aliondoka mwaka uliofuata.

Ijumaa, 15 Novemba

Mkahawani, baada ya sala. Nikasimulia: Wajdi kapiga, kule maduka yameanza kuweka taa za sikukuu zao, bosi wake anamwita kwa jina la Kitaliano. Nilikuwa na sauti nzuri leo. Samih akaweka domino chini.

"Baba Wajdi, mpigie wewe leo. Weka sauti ya juu, tumsalimie sote. Nimlilie kidogo habari za ndege wangu, wote walinipa mgongo."

Nikasema kazini hawaruhusu.

Samih akanitazama. Ana macho ya mpiga picha, namchukia kwa hilo. Kisha akayatazama madomino yake kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili.

"Kweli," akasema. "Kazini huwa hawaruhusu."

"Hawaruhusu kabisa," akasema mzee wa meza ya pili, ambaye hajawahi kufika mbali kuliko Mansura.

"Italia ndiyo wakali zaidi," akasema mwenye mkahawa.

Mmoja baada ya mwingine. Wote wakakubali. Hakuna hata mmoja aliyebisha, na hawa ni watu wanaobishana kama jua ni la duara. Chai yangu haikulipishwa. Sijapenda jinsi walivyokubali haraka.

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi Inshirah kaniwekea ufunguo kando ya chai. Hakusema kwa nini. Akasema tu: "Leo amekuja. Ukitaka, uingie kama mtu."

Saa tano na nusu. Jua kali nje, wauza kabichi wanaita. Nilivua viatu. Nikapiga hodi. Mara tatu. Nilisema salamu, sauti ilinitoka nyembamba. Tukangoja. Sijui tulingoja nini. Nilijiona mpumbavu, kisha nikaona kwamba nimeshika mkono wa mke wangu, jambo ambalo sijafanya mchana tangu Kuwait.

Akafungua.

Chumba kinatazama kaskazini, jua halikifiki mwaka mzima, ni baridi kama kisima. Vumbi. Mashuka. Kila kitu sawasawa. Kiti cha karibu na mlango, shuka imelala laini, haina mkunjo. Nikashusha pumzi. Nikataka kusema neno la kuchekesha na nilikuwa nimeshalipata.

Inshirah akatoa shuka. Akaweka kiganja kwenye mahameli. Hakukiondoa.

"Weka mkono," akaniambia.

Sikutaka.

"Weka, Mahrus."

Kina joto. Nimeandika, na naandika tena kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno mengi na watu hawaniamini: kina joto. Si joto la chumba. Joto la kiti cha mtu aliyeinuka sasa hivi kumpisha mwingine. Niligusa kiti cha pili, baridi. Kochi, baridi. Nikarudi kwenye kile, bado. Mahameli imelala upande mmoja, nyuzi zake zimekandamizwa, na pembeni mwa mkono wa kiti dhahabu imechakaa kidogo pale vidole vinaposhika. Dhahabu ambayo hakuna aliyeishika tangu ipakwe.

Inshirah akasema, si kwangu: "Kaa, baba. Hakuna anayekuinua."

Nilipiga picha moja. Moja tu. Viti vyote vimefunikwa isipokuwa hicho, mlango wazi pembeni, mwanga wa korido unafika mpaka miguuni pake na kusimama. Kisha nikaketi sakafuni na kamera mapajani, Inshirah akaketi karibu yangu, tukakaa mbele ya kiti kitupu kama watoto walioitwa na mwalimu. Nikajaribu kumweleza Wajdi habari za mashindano. Nikamwambia, nakuja kule, wiki tatu, wamesema viza wanashughulikia wao. Nilisikia ninavyojieleza, nikaacha.

Kilipoa polepole. Ilichukua kama muda wa chai kuchemka.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimepeleka. Bi Thurayya aliishika picha kwa ncha za vidole. Aliandika namba nyuma yake, akaniambia niende nyumbani nilale.

Sebule hatujaifunga.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeshinda. Mahrus wa darasa la sita, wa kwanza kati ya picha sitini na tatu. Waamuzi watatu kutoka Cairo, mmoja ana shahada ya kuangalia picha, sikujua inasomewa. Alisema amepiga na kutazama picha za wageni maisha yake yote na hajawahi kuona mgeni aliyeonekana wazi namna hii, na kwenye picha hakuna mtu. Walipiga makofi. Nami niliinama kama mwimbaji.

Samih wa tatu, kwa ndege wanaompa mgongo. Alinikumbatia kwa nguvu kuliko ninavyostahili. Akaniambia sikioni: "Nenda, ndugu yangu. Vyovyote utakavyokuta, nenda."

Nikamwambia nitamletea koti kama la Wajdi. Kijivu.

Hakucheka. Alinishika bega, akaenda kujichukulia mishabbak.

Ijumaa, 22 Novemba

Bi Thurayya yuko chumba cha pili sasa hivi, kakaa chini kwenye mkeka na magoti yake mabovu, kaniletea fomu za viza. Kesho asubuhi anazipeleka Cairo mwenyewe na basi la kwanza, Jumapili zinaingia ubalozini. Tumejaza jina, umri, kazi. Kazi nimesema aandike msanii, kaandika mwenye studio. Tumecheka. Nikampa bata.

Tukafika mstari wa kumi na nne. Ndugu aliyeko Italia: jina kamili, anwani, namba ya simu.

"Huu ndio utakaokufungulia mlango," akasema. "Wengine wanaangushwa hapa kwa kukosa mtu kule. Wewe una mwana. Watampigia, watamuuliza kama anakujua, basi. Nipe namba yake."

Nikasema imo kwenye daftari langu chumbani. Nikaja nikafungua hili daftari. Nimelifungua, nimekaa kitandani, naandika. Anadhani natafuta.

Inshirah yuko sebuleni. Mlango uko wazi. Amewasha jiko dogo mle mle ndani, ametoa vikombe vya harusi yetu ambavyo havijawahi kunywewa. Anasimulia mambo: vitunguu vimeshuka bei, binti wa Haj Mitwalli kajifungua, baba kashinda, baba anataka kusafiri akutafute. Anaacha nafasi kila baada ya sentensi. Kisha anaendelea, kama mtu aliyejibiwa.

Bi Thurayya ananiita kutoka kule. Hajui nyumba yetu, hakujua tuna mgeni. Anauliza kijana anayeongea na Mama Wajdi ni nani, mbona hakuja kumsalimu.

Mimi nasikia sauti ya Inshirah peke yake. Nimeacha kalamu nikasikiliza. Yake peke yake.

"Mahrus! Umeipata?"

Nimesema bado. Nimesema nafungua kurasa. Nikiandika namba ya uongo, watapiga na hakuna atakayepokea, na safari imekwisha. Nikiacha wazi, imekwisha pia. Na nikienda kule kwa njia yoyote ile, nitaanzia wapi kuuliza? Kwenye ofisi gani? Nitaonyesha nini, picha ya kiti?

Hakuna namba. Haijawahi kuwepo. Tangu asubuhi ile ya Aprili alipopanda boti ya magendo ya kuvuka bahari kule Ezbet al-Borg, Wajdi hajapiga hata mara moja. Koti, mvua, bosi, yote nilitunga mimi mkahawani, kisha nikarudi nyumbani nikaliandikia hata daftari hili ambalo halisomwi na mtu. Mimi si mtu mwenye bahati. Nilisema uongo.